Mapipa Yamekwenda Kuwekewa Vifuniko

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, ni mtu wa heshima kupita kiasi. Siku aliyokuja kuposa alikaa ukingoni mwa kiti kama ndege juu ya waya, kiti kikamponyoka, akakaa sakafuni pwaa, na kabla hajainuka akakiomba kiti radhi. Wajomba walicheka mpaka wakasahau walichotaka kumuuliza. Mimi nilimvuta binti yangu jikoni nikamwambia, "Huyu usimwache. Mwanamume anayekiomba kiti radhi hakosi neno jema kwa mkewe."

Ubaya wa heshima yake ni kwamba haina breki. Nikiingia kwao kwa mlango wa mbele, yeye anakumbuka ghafla kitu alichosahau uani. Ikibidi tukae chumba kimoja, binti yangu hukaa katikati kama bomba, maneno yakapita kwake.

"Mwambie mumeo pole na kazi."

"Mama anasema pole na kazi."

"Mwambie mama, nimeshapoa."

"Anasema ameshapoa."

Na hapo hakuna kiziwi hata mmoja. Tunasikiana vizuri, ila ndivyo tulivyozoea, na mimi nami, nisimtupie lawama peke yake, nilipenda. Nimeonja watu wa kila aina tangu nifiwe na mume: wenye nyumba wanaobisha mlango kwa teke, wateja wanaokuita "we mama" huku ukiwa juu ya ngazi. Mtu mmoja akinikimbia kwa adabu, mimi nilalamikie nini?

Kazi yangu ni maandishi. Kuta za maduka, milango ya malori, mbao za "Usikojoe Hapa," ambazo watu huzisoma mpaka mwisho huku wakikojoa. Marehemu aliniachia brashi, ngazi, na sifa ya kuchelewa kazini. Brashi nilizitunza, ngazi nikaikarabati, sifa ndiyo iliyonichukua muda kuifuta. Mkwe wangu yeye ni mtunza stoo wa Baraza la Mji. Kila kinachonunuliwa na ofisi, toka fagio hadi tairi la trekta, kinapokelewa na yeye, na akishasema kimefika, kimefika.

Siku moja binti yangu akaja na ujumbe. "Mume wangu anauliza kama mama ana nafasi. Ofisi imenunua mapipa ya taka ya sokoni. Yanataka kuandikwa."

"Mwambie nafasi ninayo. Ila kwa nini hakuniuliza jana pale kwenu?"

"Mama, jana alikuwa uani."

"Uani kufanya nini?"

"Kukukimbia."

Nikaenda. Yadi ya ofisi ya mji iko nyuma ya jengo lao, ukuta mrefu, trekta bovu katikati limeotwa na majani. Mapipa yalikuwa yamepangwa chini ya banda la mabati, ya chuma, yamepakwa kijani kibichi, yananukia rangi. Mkwe alikuwa ameshanitandikia mkeka, ameniwekea birika la chai lililofunikwa vizuri, na mkate ndani ya kitambaa. Yeye mwenyewe hayupo. Kikohozi chake tu ndicho nilichokisikia mchana kutwa nyuma ya trekta. Fundi mwingine angesimamiwa, angeulizwa mbona rangi inaisha haraka, angepekuliwa mkoba akitoka. Mimi niliachwa na yadi nzima kama mwenye mali. Mkwe hawezi kumsimamia mama mkwe. Niliandika SOKO KUU kwa rangi nyeupe juu ya kila pipa, nikanywa chai, nikaaga kwa sauti kuelekea trekta, trekta likaniitikia, "Ahsante mama, kwaheri mama."

Mapipa yakapelekwa sokoni kwa shangwe. Aliyeyakabidhi alikuwa mkuu wa manunuzi, ambaye mji mzima tunamwita Bwana Mkoba kwa sababu mkoba wake mweusi haumtoki kwapani hata akienda msalani. Alihutubia usafi, akapigwa picha akitupa ganda la ndizi ndani ya pipa, watu wakapiga makofi. Siku chache baadaye lori likaja likayabeba yote.

"Yanakwenda wapi?" akauliza shoga yangu, muuza nyanya, ambaye meza yake iko upande ule ule wa jalala.

"Kuwekewa vifuniko," akasema dereva.

Tukangoja. Jalala likanenepa tena, inzi wakarudi na jamaa zao. Kila nikipita shoga yangu ananiita, "Fundi! Mapipa yako yako kwa fundi gani wa vifuniko? Au yameolewa huko huko?"

"Mimi niliandika tu, shoga. Sikuyaoza."

"Basi uandike na hapa, kwamba nyanya zangu zinanunuliwa na inzi."

Kisha nikaitwa yadi kwa mara ya pili. Safari hii mapipa ya zahanati. Mkeka, birika, kikohozi nyuma ya trekta, kila kitu mahali pake. Nikachovya brashi, nikaweka mkono wa kushoto juu ya pipa ili kupima pa kuanzia, nikahisi kitu. Nikadhani ni mchanga umenasa kwenye rangi. Nikapapasa tena. Haukuwa mchanga.

Rangi ya mafuta ikikauka huacha mgongo. Ukipaka nyingine juu bila kupiga msasa kwanza, mgongo unabaki chini yake kama kovu chini ya poda. Mtu yeyote mwenye vidole anausikia, na jua likipiga kwa upande hata macho yanauona. Nikainamisha kichwa. Ile pale, S yangu. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba S zangu zote zina mimba. Ikafuata O, ikafuata K. Soko Kuu, limelala chini ya shuka mpya ya kijani.

Nitasema kweli, nilicheka. Nilijua ofisi ile. Ninyi mmenyang'anywa wakapewa wale, kesho wale nao watanyang'anywa. Ni ukosefu wa adabu, lakini bado si wizi. Nikaandika ZAHANATI juu yake, nikaenda zangu.

Mara ya tatu nikaandika SHULE. Sikucheka. Chini ya kidole changu palikuwa na migongo miwili, Z imemkalia S kichwani. Nikanywa chai yangu polepole nikilitazama trekta. Kikohozi kilikuwa kimya siku hiyo. Nilitaka kumwita. "Baba, njoo utazame." Maneno matatu tu, na mdomo ninao. Lakini kumwita mkwe aje kuonyeshwa aibu yake? Ningeanzaje? Nikajiaga mwenyewe nikaondoka.

Aliyenipa jibu bila kuulizwa ni Bwana Mkoba. Aliniita kuandika bango kubwa la mbele ya ofisi, akasimama mwenyewe chini ya ngazi akinisomea: Baraza la Mji limenunua mapipa mapya kwa ajili ya Soko Kuu, kwa ajili ya Zahanati, kwa ajili ya Shule, kwa ajili ya Kituo cha Mabasi. Kila mahali na mapipa yake. Nikawa naandika huku nahesabu. Kumbe yale ya yadini yamenunuliwa mara moja na kulipiwa kila yanapobadilisha jina.

"Baba," nikamwambia kutoka juu, "na ya sokoni yamesharudi?"

"Yamekwenda kuwekewa vifuniko."

"Na ya zahanati?"

"Vifuniko pia."

"Huko vinakotengenezwa hivyo vifuniko foleni ni ndefu, naona."

Akacheka. Ana kicheko kizuri, cha mtu aliyelala vizuri. Kisha akakikata katikati. "Mama, wewe kazi yako ni kuandika."

"Ndiyo baba. Nilitaka kujua tu kama nikuachie nafasi ya vifuniko hapa chini."

Akahamisha mkoba kutoka kwapa moja hadi jingine. "Una mkwe mzuri sana, mama. Kijana mwaminifu. Maana yeye ndiye aliyeyapokea yote. Mimi huwa naagiza tu, anayesema yamefika ni yeye. Ukimaliza pitia kwa karani akulipe."

Nikamaliza. Siku hiyo nilishuka ngazi kinyume, nikaanza na mguu usio wake.

Sasa mji ukapata habari kwamba wakaguzi wa serikali wanakuja. Watakaa ukumbi wa mikutano, na yeyote mwenye la kusema aende akaseme. Shoga yangu akanidaka sokoni. Nilikuwa nimemwambia habari za migongo, maana siri ya peke yako huoza tumboni.

"Nenda kaseme," akaniambia huku akipanga nyanya, nzuri mbele, zilizochoka nyuma.

"Kuna sanduku la maoni pale getini."

"Ambalo ufunguo wake uko kwenye mkoba wa nani?"

"Wa Bwana Mkoba."

"Basi andika maoni umkabidhi mkononi, umpunguzie kazi ya kufungua. Fundi, acha mzaha. Mtoto wangu amewahi kulazwa zahanati ile, jalala liko dirishani. Wewe umeyagusa kwa mkono wako. Nenda."

"Aliyeyapokea ni nani, shoga?"

Nyanya aliyoishika ikabaki hewani. Anamjua mkwe wangu, alipika harusini.

"Mungu wangu," akasema. Akanitupia ile nyanya. "Basi kula kwanza."

Nilikula. Sikumbuki ladha yake. Nilikuwa nikipima mambo kichwani, na kila nilivyopima, binti yangu alikuwa upande ule ule. Nikisema, mumewe ndiye wa kwanza kushikwa, Bwana Mkoba alishaniambia. Nisiposema, atasema mwingine, kwa sababu mji una vidole vingi, na mkwe atashikwa vile vile, tena akiwa kama mwizi aliyefumaniwa. Au hatasema mtu, na atazeeka nyuma ya trekta akikohoa. Kuna njia moja tu ambayo sikuichukia, nayo ilihitaji kitu ambacho sisi wawili hatujawahi kufanya: kuzungumza.

Nikaenda kwao Jumapili mchana, nikaingia kwa mlango wa nyuma ili nimkute kabla hajakimbilia huko. Alikuwa uani amekaa kwenye kigoda akisugua viatu vyake. Akasimama na kiatu kimoja mkononi, akakimbilia ndani, nami nyuma yake. Njia ya kwenda mbele alikuwa ameiziba binti yangu, anapiga pasi mlangoni. Tukajikuta sote watatu tumebanana chumbani, yeye kwenye kona ya kabati, mimi kwenye kiti, binti yangu na pasi katikati.

"Mwambie mumeo," nikaanza, "nimeyaona mapipa."

"Mama anasema ameyaona mapipa. Mapipa gani?"

"Yeye anayajua."

"Anasema wewe unayajua."

Mkwe akatazama kiatu. "Mwambie mama, ni kweli."

"Anasema ni kweli. Kweli nini?"

"Mwambie, ni yale yale. Nimeyaandika sokoni, nimeyaandika zahanati, nimeyaandika shule. Bado kituo cha mabasi tu yapumzike."

Binti yangu akaacha kupiga pasi. "Anasema ni yale yale," akasema polepole, akimtazama mumewe.

"Mwambie mama, niliambiwa mengine yako njiani."

"Mwambie, njia hiyo ni ndefu kuliko ya kwenda mbinguni."

"Mama anasema..." Pasi ilikuwa imesimama juu ya shati. Tukasikia harufu. Binti yangu akainyanyua, akatazama alama ya kahawia mgongoni mwa shati jeupe la mumewe la kazini, kisha akaisimamisha pasi chini na kuuchomoa waya ukutani. "Basi," akasema. "Mimi si bomba. Miaka yote nimewabebea salamu, pole, ahsante, chumvi imezidi. Hili silibebi. Hili ni la nyumba yangu. Zungumzeni wenyewe, mkimaliza mniite mniambie kama bado nina mume." Akatoka, na mlango akaubamiza ukafunguka tena, akarudi akaufunga taratibu.

Tukabaki. Saa ya ukutani kwao ina sauti kubwa, sijui nani aliwapa zawadi. Nikamtazama mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza nadhani tangu ukumbini siku ya harusi. Amekonda. Ana mvi juu ya sikio, kijana yule.

"Kaa, baba," nikamwambia.

Akakaa. Safari hii kiti kizima.

"Nilijua utaona, mama," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko ile inayotoka nyuma ya trekta. "Mara ya pili nilipokuita. Angeweza kuitwa fundi mwingine. Bwana Mkoba aliniambia, mwite wa nyumbani, wa nyumbani hasemi. Nikakuita. Nikakaa kule nyuma naomba uone, kisha naomba usione. Nikaona umecheka, nikashukuru. Mara ya tatu hukucheka."

"Na msasa je? Hukujua kwamba bila msasa yataonekana?"

"Nilijua."

"Sasa?"

Akapandisha mabega. "Niliambiwa nipake rangi. Sikuambiwa nipige msasa."

Nikataka kucheka, nikajizuia. Ndiyo ushujaa aliouweza, na mimi niliupata kwenye ncha ya kidole.

"Umekula?" nikamuuliza. "Sisemi chakula."

"Sijala, mama. Wallahi. Siku ya kwanza aliniambia thibitisha yamefika, mengine yako njiani, nikathibitisha. Mara ya pili nikauliza. Akaniambia, ulishathibitisha ya kwanza, sasa unaogopa nini? Tangu hapo mimi ni wake." Akakiweka kiatu chini. "Kazi ile ni yeye aliyenipa. Anasema hivyo kila asubuhi, mbele za watu, anacheka."

"Wakaguzi wanakuja."

"Najua. Ameniambia siku hiyo niende likizo."

"Nisikilize, baba. Mimi nitakwenda. Usipokwenda wewe, nitakwenda peke yangu, nitasema nilichogusa, na nikiulizwa stoo ni ya nani nitasema ni ya mkwe wangu. Sitadanganya, nimeshazeeka, sina nguvu ya kukumbuka uongo. Lakini kuna tofauti ya mtu kutajwa na mtu kujitaja. Ningependa mimi niwe shahidi wako kuliko kuwa mshtaki wako."

Uani tulimsikia binti yangu akiosha sufuria iliyokuwa safi.

"Nikifungwa?" akauliza.

Ningeweza kumwambia hawatakufunga. Watu waliniambia mengi ya namna hiyo siku zangu mbaya, na hakuna lililonisaidia kitu. "Sijui," nikasema. "Ukifungwa, mkeo atakaa kwangu, na mimi nitakuletea chakula. Napika vibaya, unajua."

"Chumvi huwa inazidi," akasema.

Nadhani hilo lilimtoka bila kukusudia, kwa sababu alishtuka kuliko mimi.

Siku ya wakaguzi nilivaa gauni langu la misiba, ndilo lisilo na rangi. Ukumbini waliweka mabenchi nje, na mlangoni nani anakaribisha watu? Bwana Mkoba, tabasamu mbele mkoba nyuma.

"Mama Brashi! Umekuja kudai au kushukuru?"

"Nimekuja kukaa, baba. Miguu."

"Karibu sana. Andika jina kwa karani hapo, na shida yako, tuipeleke ndani kwa utaratibu."

"Shida yangu haiandikiki. Hata mimi fundi imenishinda."

Nikakaa. Benchi likajaa: mwenye malalamiko ya bomba, mwenye malalamiko ya jirani, mzee mmoja aliyedhani ni kliniki ya macho. Mkwe hakuonekana. Asubuhi ikawa mchana. Binti yangu hakuwa ameniambia neno tangu Jumapili zaidi ya "shikamoo mama," na shikamoo yenyewe ilikuwa na barafu. Nikaanza kupanga maneno yangu ya peke yangu. Nikasimama.

Hapo ndipo nikamwona anakuja, amevaa shati jeupe lenye alama ya pasi mgongoni. Hakuwa na jingine, au hakutaka jingine, sikumuuliza. Bwana Mkoba akamwona pia.

"Kijana! Wewe si uko likizo?"

"Niko likizo, bosi," mkwe akasema. "Nimekuja kwa miguu yangu."

Akafika mlangoni, na mimi nimefika mlangoni. Akarudi nyuma hatua, akanyoosha mkono. "Tangulia, mama."

"Tangulia wewe, baba."

"Siwezi, mama. Nitakutanguliaje?"

"Leo unaweza."

"Mama, tafadhali, wewe ni mkubwa."

"Na wewe ni mrefu, ziba upepo. Ingia!"

Benchi zima likacheka, hata mzee wa macho. Bwana Mkoba peke yake hakucheka. Mkwe wangu akavuta pumzi, akapita mbele yangu. Na mimi nikafuata, nikamwacha Bwana Mkoba na karani wake wakitazamana.

Mkaguzi mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani kichwani, viatu amevivua chini ya meza. Mkwe hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kuanzia siku ya kwanza, bila kujipamba na bila kulia. Alisema "nilithibitisha" kila mahali alipothibitisha. Alipomaliza, yule mama akavaa viatu.

"Twendeni yadini," akasema.

Mapipa yalikuwa yanangoja kuwa ya kituo cha mabasi, kijani kinanata bado. Akaweka kiganja, akapapasa, akauliza kama naweza kuvua rangi bila kuharibu iliyo chini. Nikamwambia itachukua muda. Akavuta kigoda akakaa. Nikachukua kitambaa na thina ya kuyeyusha rangi, nikaanza kusugua taratibu, na mkwe akanishikia kopo. Kijani cha juu kikaondoka, SHULE ikatoka ikiwa na weupe wake. Nikaipiga picha kwa macho, nikaifuta. Ikaja ZAHANATI. Ile niliipenda, nilikuwa nimeinyoosha vizuri. Nikaifuta nayo. Mwisho akatoka S wangu mjamzito. Fundi kufuta kazi yake mwenyewe tena mbele za watu ni kama kujivua nguo, lakini nilisugua huku naimba moyoni.

"Inatosha," akasema mkaguzi.

Mambo ya serikali hayaendi mbio. Bwana Mkoba aliambiwa akae nyumbani kupisha uchunguzi. Mkwe naye akaambiwa vivyo hivyo, kwa maneno yale yale, kana kwamba ni watu wa namna moja. Mshahara ukasimama. Nyumba waliyopanga ikawashinda, wakahamia kwangu, chumba cha nyuma kilichokuwa cha rangi. Binti yangu alinisamehe kwa awamu: kwanza akaanza kuniuliza nitakula nini, halafu akaanza kula na mimi, halafu kulia. Kuna watu mtaani waliacha kunisalimia, na kuna wengine walioanza. Sokoni mapipa yalirudishwa yakiwa na mabaka. Shoga yangu akaniletea fungu la nyanya za mbele, si zile za nyuma.

Mkwe akaanza kutoka na mimi kazini, kunishikia ngazi na kuchanganya rangi. Nilinunua suruali, kwa sababu heshima ina mipaka na ngazi ni ngazi. Anachanganya vizuri kuliko mimi, ila hasemi mpaka umuulize. Kila gari la polisi likipita, mkono wake unakaza kwenye ngazi, na mimi huko juu nausikia mtetemo wake mpaka kwenye brashi. Niliacha kumwambia "usiogope." Nilikuwa nasubiri tu lipite, kisha naendelea na herufi.

Ilikuwa hivyo mpaka siku nilipokuwa naandika ukuta wa duka la dawa. Alikuwa ameitwa tena ofisi ya wakaguzi tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimeegemeza ngazi peke yangu, naandika vibaya. Nikasikia mtu anakimbia. Nikageuka nikamwona mkwe wangu, yule wa kukiomba kiti radhi, anakuja mbio katikati ya barabara, anapiga kelele bila salamu, bila kuniita mama, bila chochote:

"Shahidi! Wamesema mimi ni shahidi! Anashtakiwa yeye, mimi nitaitwa kusema tu!"

"Na kazi?"

"Kazi hamna! Wamesema kazi nisahau!" Akasimama chini ya ngazi, anahema, uso wote meno. Kisha akatazama juu ukutani, akakunja uso. "Herufi hiyo imepinda."

"Imepinda wapi?"

"Hapo. Mkia wake. Inaangukia dukani."

Nikatazama. Ilikuwa imepinda kweli. Nikataka kumjibu, lakini machozi yalikuwa yameshanitangulia na mkono mmoja una brashi.

Nyuma yake binti yangu akatokea anakuja mbio, kanga mkononi, kandambili moja mguuni, nyingine imebaki njiani. Kumbe mumewe alimpita nyumbani kama upepo, naye akasikia "shahidi" tu, akaanza kumfukuza. Akafika, akashika ngazi, akatutazama mmoja mmoja.

"Mmeshaambiana?" akauliza. "Tangu lini nyie mnaambiana kabla yangu?"

"Mwambie mumeo..." nikaanza.

"Mama!"

"Basi, basi. Shika kopo. Wewe baba, panda huku juu uinyooshe hiyo herufi yako."

Akapanda.